Fiorentina Imeshinda, Baba

Sehemu ya nne

Wasomaji kadhaa wameniuliza kama bado niko kwa ndoa yangu. Subirini, tutafika huko. Kwanza nimshike mkono aliyekosa wiki iliyopita.

Mimi ni Wambeti, mzaliwa wa Kianjokoma, fundi wa nguo, niliyeolewa Meru. Mume wangu ni Riungu, mwenye bucha pale Kinoru, karibu na uwanja wa mpira. Mwaka huo wa 2023, mwezi wa tatu, baba yangu Mzee Ireri alianguka katikati ya shamba lake la kahawa, nikarudi kwetu kumuuguza. Daktari wa Embu alinifundisha kutumia mashine ya presha, akanipa onyo moja: mzee asipate habari za kushtua.

Na habari za kushtua, kwa baba yangu, zilikuwa na jina moja tu. Fiorentina.

Wanaume wengine wa Kianjokoma ni wa Arsenal au Manchester, kama watu wa kawaida. Baba alimpikia Padre Renzo, Mwitaliano wa misheni yetu, tangu kabla sijazaliwa. Padre alikuwa mtu wa Florence, na timu ya kwao ni hiyo. Aliporudi Italia kuzeeka, aliacha sufuria za tambi jikoni, na baba akabaki na timu. Kila baada ya misa ya Jumapili lazima ajue matokeo. Uso wake akiyangoja ulikuwa kama wa mtu aliye kizimbani. Sisi watoto tulikuwa tukisema, hayo ndiyo mapenzi.

Baada ya kuanguka nilimnyang'anya redio na simu. Nikawa mimi wa kumletea matokeo, kama dawa, baada ya chakula.

Kwenye ligi ya kwao, msimu huo Fiorentina ilikuwa ya katikati tu. Leo inashinda, kesho inapigwa na timu ambayo hata Waitaliano wanauliza inatoka wapi. Lakini kwenye vikombe ilikuwa haishikiki. Iliingia fainali ya Kombe la Italia, na huko Ulaya, kwenye lile kombe la tatu linaloitwa Conference, ikafika nusu fainali.

Basel ya Uswisi ilipowafunga Fiorentina nyumbani kwao, nilimpa baba habari kwa uoga. Akala githeri yote, akaomba nyingine. Presha ilikuwa ya kijana. Wiki iliyofuata wakaenda kwa Basel wakageuza mambo, bao la kuwavusha likaingia dakika ya mia moja ishirini na tisa. Nilimpa baba habari hiyo nikicheka. Presha ikapanda hadi mashine ikalia. Nikajiambia, furaha nayo ni mzigo. Mimi nilisomea ushonaji, sikusomea udaktari.

Wiki jana niliwaacha asubuhi ya baada ya fainali ya Kombe la Italia. Fiorentina ilikuwa imefungwa na Inter, mbili kwa moja. Riungu alikuwa amenishauri kwa simu: "Mwambie wameshinda. Mzee wa miaka themanini atahakikisha na nani?" Nikasimama mlangoni na kikombe cha uji, nikamwambia baba kwamba wameshinda.

Tuendelee.

*

Baba aliweka uji chini.

"Nani ameshinda?"

"Fiorentina, baba."

"Imeshinda mechi, ama imeshinda kombe?"

"Kombe lenyewe. Inter walitangulia, Fiorentina wakarudisha, bao la pili likaingia mwishoni."

Hayo ya mwishoni hakuna aliyeniuliza. Uwongo ukishatoka nyumbani unataka kuvaa vizuri.

Nilingoja atabasamu. Baba akatazama ukuta, kisha mikono yake, kisha ukuta tena.

"Basi imefika," akasema.

Nikamfunga kile kitambaa cha mashine mkononi. Nambari nilizoziona sitazitaja hapa, kuna wasomaji wenye presha pia.

"Toa hiki kitu," akasema. "Nenda ng'ambo ya mto. Mwambie Njoka namwita."

Nilidhani amechanganyikiwa.

Njoka ni baba yangu mdogo. Boma lake linaonekana kutoka mlangoni petu, kijito tu ndicho kinatutenganisha, na sikuwa nimeingia kwake tangu nivae sare ya shule. Baba huenda misa ya kwanza, Njoka misa ya pili. Wanapishana langoni mwa kanisa kama watu wasiojuana.

Chanzo ni shamba la chini. Babu alipokufa, baba mdogo alikuwa Mombasa akifanya kazi bandarini. Aliporudi, akakuta lile shamba la kando ya mto limeandikishwa kwa jina la baba peke yake.

Shamba hilohilo, wasomaji wangu, baba alikuwa ameniahidi mimi. Riungu alikuwa ameshapanda makadamia, na mwaka huo miti ilitoa maua kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tukingoja tu bodi ya ardhi ikae, ibadilishe jina. Sasa mnaelewa kwa nini mume wangu naye alimwombea mkwe wake maisha marefu, angalau hadi bodi ikae.

"Njoka wa nini, baba?"

"Kaa chini."

Nikakaa.

"Unajua kwa nini nafuata timu hiyo?"

"Kwa sababu ya Padre."

"Kwa sababu ya shamba."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemwaga maji kutoka kwenye mtungi mzito.

"Mwaka wa elfu mbili na moja walishinda kombe hilohilo. Padre alifungua chupa, akaniambia, Ireri, siku kama hii mtu humrudishia ndugu yake chake. Alikuwa amenisumbua juu ya shamba lile mpaka nimechoka. Nikataka aniache nikalale. Nikamwambia, Padre, wakishinda kombe lingine, nitarudisha. Akaniambia niape. Nikaapa mbele ya altare."

"Halafu?"

"Mwaka uliofuata timu ikafilisika. Ikashushwa mpaka ligi ya nne. Nikasema, basi, Mungu naye ameona shamba ni langu."

Sikucheka, kwa sababu yeye hakuwa akichekesha.

"Ikapanda tena, kidogo kidogo. Mwaka wa elfu mbili kumi na nne ikaingia fainali. Chakula kilinikataa. Napoli wakaifunga, nikapeleka kuku wawili kanisani. Watu wakasema, tazameni Ireri, timu yake imeshindwa na bado anatoa shukrani."

"Baba, kwa hivyo wewe si shabiki wao?"

"Shabiki? Nimewaombea mabaya miaka ishirini na mbili. Hakuna mtu Afrika hii amewaombea mabaya kama mimi."

Nikaona mambo yote kwa mpigo. Kila ushindi niliomletea nikicheka, nilikuwa namletea kifo kwenye sahani. Na asubuhi hiyo nilimletea mkubwa kuliko yote, tena ambao haukutokea.

Lakini dawa ilikuwa rahisi. Niseme ukweli. Baba apone, shamba libaki, Riungu afurahi. Ni mara chache maishani mwangu ukweli umewahi kunifaa namna hiyo. Nikaushika kwa mikono miwili.

"Baba, nisamehe. Nilikudanganya. Wameshindwa. Inter ndio waliochukua kombe."

Alinitazama kwa muda. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na hiyo iliniuma zaidi.

"Wambeti. Uliposema wameshinda, ulikuwa unajua habari ya kiapo?"

"Sikujua."

"Sasa umejua, na timu imeshindwa."

"Tazama simu, baba, imeandikwa hapa."

"Simu hiyo iliniambia nini hivi punde?"

"Haikusema simu. Nilisema mimi."

"Basi simu sina neno nayo," akasema. "Ni wewe ambaye sitakuamini. Mimi ni mzee, lakini makadamia nayaona yakitoa maua. Nenda ng'ambo."

*

Nilimkuta baba mdogo akikata majani ya ng'ombe. Aliponiona akasimama na panga mkononi.

"Amezidiwa?"

"Hapana. Anakuita. Anasema Fiorentina imeshinda kombe."

Akavua kofia.

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

Baba mdogo akatazama nyumba yetu kule juu, akatazama sana, kana kwamba ilikuwa imejengwa jana.

"Mwambie nitakuja Jumapili ile nyingine," akasema. "Nataka kuja nimenyolewa, na koti langu lipigwe pasi."

Nikadhani ni maringo ya wazee. Nilikuwa bado sijajua kitu.

Jioni hiyo nilimpigia Riungu.

"Umemwambia ukweli?"

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema natamani makadamia."

Riungu akauliza, "Lakini si unatamani makadamia?"

Huyo ndiye mume wangu. Wa Arsenal tangu shule ya msingi, na ghafla hakuna mtu Kinoru aliyejua habari za Inter kumshinda. Akaamua kwamba mzee asiyeamini simu bila shaka ataamini gazeti. Bucha ina rundo la magazeti ya kufungia nyama. Akalipekua rundo zima akitafuta ukurasa wa michezo wa siku ile. Ukurasa ulikuwa umeshaondoka na matumbo ya mteja.

Kwa hivyo Jumapili alikuja bila gazeti, ila na mbuzi. Baba ndiye aliyeagiza. "Mkwe wangu ana bucha," alisema, "mbuzi wa Njoka atatoka kwake." Mume wangu akachinja mbuzi wa kusherehekea kupokonywa shamba lake. Alimchuna vibaya sana, mtu ambaye kazi yake ni hiyo.

Baba mdogo alifika amenyolewa. Baba akainuka bila fimbo.

"Mwana wa mama," akasema.

"Mwana wa mama," mwenzake akajibu.

Wakasimama hivyo. Hata mbwa alitulia.

"Umezeeka," baba akasema.

"Nilikuwa nakuona ukizeeka pale langoni mwa kanisa. Sikutaka kuwa wa kwanza kukwambia."

Baba akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama.

"Fiorentina imeshinda," akasema.

"Nimesikia."

"Padre alikueleza habari ya kiapo, najua. Yule alificha siri za kitubio tu."

"Alinieleza."

"Basi shamba ni lako."

"Nimeshukuru, kaka."

Ikaisha. Kesi iliyowashinda machifu watatu, na mapadri, na mama yangu mpaka kaburini, ikaisha kabla nyama haijaiva. Walipoketi nikampima baba presha. Nikapima tena nikidhani mashine imeharibika. Ilikuwa ya kijana.

Baada ya kula tukateremka shamba la chini. Baba mdogo akapita katikati ya mistari ya miti, akigusa majani.

"Na hii yote?"

"Mkwe wangu ndiye aliyekuwa akikutunzia," baba akasema.

Riungu akakohoa mpaka nikampiga mgongoni.

Wazee walipopumzika kwenye jiwe, nilishuka mtoni kuosha mikono. Baba mdogo akanifuata.

"Binti yangu, ile mechi ya Inter uliitazama?"

"Sikuitazama."

"Mimi niliitazama."

Maji yakawa baridi ghafla.

"Padre alinieleza kiapo kabla hajarudi kwao," akaendelea. "Tangu siku ile, mimi ndiye shabiki wa Fiorentina katika kaunti hii. Labda peke yangu. Runinga niliinunua kwa ajili yao. Walipokuwa ligi ya nne hawaonyeshwi popote, nilikuwa nampigia Padre simu kuuliza wamefanyaje. Yeye alidhani nimeongoka." Akatabasamu. "Siku ya Inter tulipata bao mapema, nikapiga magoti. Wakatufunga mawili kabla ya mapumziko. Nililala na viatu."

"Kwa hivyo unajua."

"Najua. Na kaka anajua. Yule hajawahi kukosa matokeo hata Jumapili moja. Sasa asubuhi unakuja kuniambia Ireri anasema imeshinda. Nikaelewa. Amechoka kukaa mbali, na kiapo kimemfunga, basi ameamua kuita kushindwa kushinda. Kwa ajili yangu."

Akapangusa macho kwa mkono wa lile koti lililopigwa pasi.

"Shamba ningelipata hata kortini, Wambeti. Lakini ndugu wa kunidanganya kwa upole namna hii, ningempata wapi? Usimwambie kwamba najua. Mwache afikirie ameniweza."

Nikamjibu, "Sawa, baba mdogo."

Mzee mmoja alikuwa ameamini uwongo wangu. Wa pili hakuuamini, lakini alidhani ni zawadi kutoka kwa ndugu yake. Na hao wawili wakarudi kuketi kwenye jiwe moja, wakimalizia ubavu mmoja.

*

Nilimweleza Riungu kando ya gari lake. Hilo lilikuwa kosa.

"Kwa hivyo Njoka alitazama," akasema. "Shahidi tunaye. Nikimuuliza mbele ya mzee, atadanganya? Mtu wa kanisa?"

"Hutamuuliza."

"Wambeti, ile ni miti yangu."

"Umeona baba akicheka?"

"Nimeona miti yangu ikigawiwa."

"Basi ukimuuliza, mimi sirudi Kinoru."

Alinitazama kama anavyotazama mizani iliyokataa kutulia. Akaingia garini, akaenda Meru bila kuniaga. Mlioniuliza habari za ndoa, ilikuwa imefika hapo.

Nikabaki na tumaini moja. Fiorentina ilikuwa na fainali nyingine Jumatano, ile ya Ulaya, kule Prague, na West Ham ya Uingereza. Wakishinda hiyo, kiapo kitakuwa kimetimia kwa haki. Uwongo wangu utakuwa tu ukweli uliowahi kufika.

Kwa hivyo nikaomba. Baba alikuwa amewaombea mabaya miaka ishirini na mbili, na mimi nilikuwa na siku chache za kusawazisha hesabu hiyo mbinguni. Nilisali rozari nikikamua ng'ombe. Niliahidi mambo ambayo fundi wa nguo hawezi kuyatimiza. Mimi ambaye sijui hata kuotea ni nini.

Alhamisi asubuhi niliamka nikakuta ujumbe wa Riungu, wa kwanza tangu Jumapili.

"West Ham mbili," ulisema. Basi.

Bao la kuwaua lilikuwa limeingia dakika ya tisini.

Sikumwambia baba chochote. Mchana, manyunyu ya mwezi wa sita yakianguka, baba mdogo akaja na mwavuli.

"Kaka, leo kuna Fiorentina kwa runinga yangu. Twende ukaione."

Baba akatafuta koti lake kama mtoto anayepelekwa sokoni. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba hajawahi kuiona timu hiyo ikicheza, hata mara moja. Miaka yote alikuwa akifuata matokeo tu.

Nilimvuta baba mdogo nyuma ya ghala.

"Hayo ni marudio. Wameshindwa."

"Najua. Nilikesha nikitazama."

"Sasa unampeleka akaone nini?"

"Mpaka dakika ya tisini ni mechi nzuri," akasema.

"Na presha yake?"

"Njoo na mashine yako."

"Watangazaji watataja Inter, baba mdogo."

"Sauti nitazima. Sitaki wamwaibishe kaka kwangu."

*

Tukakaa watatu kwenye kiti kirefu, blanketi moja magotini, baba katikati. Mimi nilikuwa na mashine pajani. Baba mdogo akabonyeza rimoti, nyumba ikawa kimya, mvua tu kwenye mabati.

"Mbona hawasemi?"

"Runinga imezeeka, kaka."

Baba akasogeza uso mbele.

"Hawa ndio Fiorentina?"

"Hao."

Akawatazama wakipangwa mstari, wakiimba wimbo usiosikika.

"Ni vijana," akasema.

"Ni vijana."

"Mimi nilidhani ni watu wazima." Akamgeukia ndugu yake. "Njoka, hawa ni watoto wa watu."

Baba mdogo hakuelewa kwa nini sauti ya kaka yake ilivunjika. Mimi nilielewa.

Mechi ikaenda. Kitu kikarushwa kutoka jukwaani kikampiga nahodha wao kichwani, damu ikatoka. Baba akashika kichwa chake mwenyewe. "Wamfunge haraka," akasema, "wamfunge na kitambaa safi." Walipomfunga na akarudi uwanjani, baba akaguna kwa heshima.

Kipindi cha pili West Ham wakapata penalti, wakafunga. Baba akamshika ndugu yake goti. Nikaanza kutayarisha mashine.

Halafu Fiorentina wakasawazisha.

Baba alisimama. Baba mdogo, ambaye alijua kila kitu kitakachofuata mpaka mwisho, naye akasimama. Wakakumbatiana, blanketi likaanguka, fimbo ikaanguka, na mimi nikabaki nimekaa nikitazama. Mtu aliyeiombea timu mabaya nusu ya maisha yangu alikuwa amekuwa shabiki wake uzeeni, na mechi ilikuwa imebakiza kama dakika ishirini.

"Sasa watashinda," baba akasema akiketi. "Naona hivi. Watashinda na hii pia."

Na hii pia. Nikatazama sakafu.

Baba mdogo alikuwa amekaza macho, midomo ikimcheza, kana kwamba marudio nayo hugeuka ukiyaombea. Nilihesabu mawingu kwenye dirisha. Niliposikia baba akivuta pumzi, nikajua tumefika dakika ya tisini.

Nilimgeukia baba kwanza. Alikuwa ametulia, mikono magotini, macho yamelowa kidogo. Nikamshika kifundo cha mkono. Moyo ulikuwa unakwenda taratibu.

"Wamejitahidi," akasema. "Mtu akijitahidi hivyo hana deni."

Aliyevunjika ni baba mdogo. Aliiona usiku, alijua itakuja, lakini alifunika uso kwa viganja na mabega yakatikisika.

"Mara mbili," akasema ndani ya viganja. "Mara mbili kwa wiki mbili. Wangetuachia hata moja."

Nilijifanya nakunja blanketi. Nilimwomba Mungu baba awe hakusikia. Masikio yake ni mabovu kwa kila jambo isipokuwa yale yasiyomhusu, na haya yalimhusu.

"Mara mbili gani?" baba akauliza.

Baba mdogo akainua uso. Nilitarajia kuona hofu. Badala yake nikaona uso wa mtu aliyechoka kuficha shukrani.

"Kaka, tumezeeka. Tuache kufichana. Mimi ile ya Inter niliiona kwa macho yangu, hapahapa nilipokaa. Nimejua tangu siku ya kwanza ulichonifanyia, na nilitaka kukushukuru nikashindwa pa kuanzia."

"Uliona nini?"

"Nilichoona leo. Wakifungwa."

Baba hakusogea. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wangu, na chini ya kidole changu ule mwendo wa taratibu ukaanza kuharakisha.

"Njoka. Fiorentina ilifungwa na Inter?"

Tabasamu la baba mdogo likaisha polepole, kutoka machoni kwanza.

"Kaka," akasema, "kwani wewe hukujua?"

Kwenye runinga vijana wa watu walikuwa wamelala kwenye nyasi, wengine wamejifunika nyuso kwa fulana.

Baba mdogo akanitazama mimi. Baba akautoa mkono wake kwangu, naye akanigeukia.